Jukwaa la Mlimani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mzigo wa Sanaa za Maonyesho

Mjadala kuhusu hali ya sanaa za maonyesho Tanzania hauishi, na kila unapozuka lawama huishia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzazi anauliza shahada ya sanaa za maonyesho itampa mwanawe kazi gani. Mtayarishaji wa filamu anasema waigizaji wake bora hawajakanyaga darasa la chuo. Mwalimu wa Kiswahili anaamini tamthilia ni mali ya fasihi, wala haoni kwa nini pawe na idara nyingine inayoishughulikia. Mashirika ya maendeleo nayo yanawaona wahitimu wa fani hiyo kama watu wa kupeleka ujumbe vijijini. Wote wanaizungumzia idara ileile ya sanaa za maonyesho, lakini kila mmoja anataka ifanye kazi tofauti. Ndiyo maana inaonekana kushindwa mbele ya kila mmoja wao.

Uchambuzi huu unakichukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama mfano, kwa kuwa ndicho kilichoibeba fani hii kwa muda mrefu zaidi nchini na mchango wake umevuka mipaka. Tutaangalia kilikoanzia, mitazamo mitatu inayoshindana kuhusu wajibu wake, ubora na udhaifu wa kila mtazamo, na nguvu za siasa na fedha zilizoiyumbisha fani. Mwisho tutapima. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba chuo kikuu hakiwezi kubeba sanaa za maonyesho za taifa zima, lakini kuna kazi moja ambayo hakuna taasisi nyingine inayoweza kuifanya kwa niaba yake, nayo ni kuunganisha utafiti, uandishi na jukwaa. Kila ilipofanyika kazi hiyo fani ilistawi, na kila vitu hivyo vitatu vilipotenganishwa ilidhoofu.

Chimbuko

Wakati wa ukoloni, ukumbi wa maonyesho ulikuwa mahali pa Wazungu. Vilabu vyao vya maigizo vilianzishwa Dar es Salaam na Arusha katika miaka ya 1940 na 1950, na michezo yao ilikuwa ya Kiingereza. Shuleni nako wanafunzi Waafrika waliigiza kwa Kiingereza, mara nyingi vipande vya Shakespeare. Ngoma, majigambo, usimulizi wa hadithi na maonyesho ya jando na unyago yalihesabiwa kuwa mila au burudani tu, na wamisionari wengi waliyapiga vita. Vichekesho vilizaliwa pembeni, mijini na shuleni, bila mwandishi wala mwalimu.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilirithi, kwa hiyo, mgawanyo wa masomo ambao haukuwa na nafasi kwa sanaa za Waafrika. Ishara ya kwanza kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti ilitoka nje ya chuo: mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri ya Juliasi Kaizari, na baadaye Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tafsiri hizo zilithibitisha kwamba Kiswahili kinabeba tamthilia nzito. Hazikujibu swali kubwa zaidi, yaani Watanzania waandike tamthilia za namna gani wenyewe, na kwa umbo lipi.

Masomo ya sanaa za maonyesho yalianza Mlimani mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Mtaala wa mwanzo ulielemea mapokeo ya Ulaya na Marekani, kwa sababu walimu na vitabu vilitoka huko. Lakini Azimio lilikuwa limebadilisha hewa. Serikali iliwataka wasanii wautafsiri Ujamaa kwa umma, na washairi wa chama cha UKUTA wakiongozwa na Mathias Mnyampala walijibu kwa ngonjera, ambazo zilienea mashuleni kwa kasi. Idara changa ikajikuta katikati ya mapokeo ya kigeni iliyoyarithi na wito wa kisiasa iliotakiwa kuuitikia.

Kilichofuata ndicho kinachotufanya tuizungumzie hadi leo. Ndani ya miaka 15, watu waliosoma na kufundisha hapo walitoa sehemu kubwa ya tamthilia za Kiswahili ambazo sasa tunaziita za kitambo. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969, Mashetani mwaka 1971, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, na Arusi mwaka 1980. Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kama Penina Mlama, alitoa Hatia mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka 1973 na Nguzo Mama mwaka 1982. Amandina Lihamba aliibadilisha kazi ya Sembène Ousmane ikawa Hawala ya Fedha mwaka 1980. Mwaka 1982 Muhando, Lihamba na Ndyanao Balisidya waliandika pamoja Harakati za Ukombozi. Emmanuel Mbogo naye aliingia na Giza Limeingia na Tone la Mwisho mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980.

Kipaji peke yake hakielezi mavuno hayo. Kulikuwa na sababu za kitaasisi. Kwanza, wanahistoria wa Mlimani walikuwa wanakusanya simulizi za wazee kuhusu Vita vya Maji Maji katika miaka ileile ambayo Hussein alikuwa anaandika Kinjeketile, na mwandishi aliishi jirani na utafiti huo. Pili, sera ya lugha ilikipa Kiswahili wasomaji na watazamaji nchi nzima. Tatu, kulikuwa na wachapishaji waliokuwa tayari: Oxford University Press, East African Publishing House, Tanzania Publishing House, na baadaye chapa ya chuo chenyewe, Dar es Salaam University Press. Nne, shule za sekondari zilihitaji vitabu vya kusoma, na mahitaji hayo yaliihakikishia tamthilia soko. Tano, waandishi walikuwa pia walimu na waongozaji, hivyo muswada uliweza kujaribiwa jukwaani na kurekebishwa.

Mtazamo wa kwanza: chuo kama hazina ya taaluma

Kwa mtazamo wa kwanza, kazi ya chuo kikuu ni kutafiti, kufafanua na kuhifadhi. Wanaoushikilia wanasema uigizaji unaweza kujifunzwa popote, lakini hakuna kikundi cha mtaani kitakachoandika historia ya sanaa za maonyesho au kujenga nadharia yake.

Mafanikio ya mtazamo huu ni makubwa. Mwaka 1976 Muhando na Balisidya walitoa kitabu cha Fasihi na Sanaa za Maonyesho, ambacho kilipendekeza kwamba sanaa za maonyesho zitambuliwe kwa kuwapo kwa mambo manne: dhana inayotendwa, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Kipimo hicho kilionekana chepesi, lakini kiligeuza mjadala. Kwa kukitumia, jando lina hadhi ya sanaa ya maonyesho sawa na mchezo wa ukumbini, na msimulizi wa hadithi ana hadhi ya mtendaji. Mlama aliendeleza kazi hiyo katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1983 iliyochunguza sanaa za Wakaguru kama chombo cha elimu. Hussein alikwenda Berlin Mashariki akaandika tasnifu juu ya maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki, na Lihamba akaandika yake Leeds, mwaka 1985, juu ya siasa na sanaa hizo baada ya Azimio.

Utafiti huo uliingia katika maandishi. Nguzo Mama inaonyesha jinsi. Wanawake wa kijiji cha Patata wanaitwa kwa namba, Bi Pili, Bi Tatu na kuendelea, na kazi waliyo nayo ni moja: kuisimamisha nguzo. Msimulizi anaingia na kutoka kama fanani wa hadithi za jadi, anawazungumzisha watazamaji, na kitendo kinasimama na kuendelea kwa wimbo na ngoma. Kila mwanamke anafika na mzigo wake wa nyumbani, wanavutana, na nguzo inagoma kusimama. Mwandishi hakuazima umbo hilo Ulaya wala hakulinakili moja kwa moja kutoka kijijini. Amelijenga kutokana na miaka ya kufikiri juu ya namna hadithi inavyotendwa. Hussein kwa upande wake aliyajua vizuri maigizo ya Brecht, na katika Ngao ya Jadi aliyakutanisha na usimulizi wa Kiafrika.

Udhaifu wa mtazamo huu uko sehemu tatu. Kipimo cha mambo manne ni kipana mno: karibu kila shughuli ya hadhara inaweza kukidhi masharti yake, na wakosoaji wanauliza kwa haki ni nini kinachobaki nje. Pili, maarifa yaliyopatikana yamefungiwa katika Kiingereza. Tasnifu hizo zote tatu ziliandikwa kwa Kiingereza, na kitabu muhimu cha Mlama cha mwaka 1991 juu ya sanaa za umma na maendeleo barani Afrika kilichapishwa Uppsala, Uswidi. Tamthilia ikaandikwa kwa lugha ya wananchi, na uchambuzi wake kwa lugha ya mtihani. Kiongozi wa kikundi cha Temeke au Mbeya hawezi kunufaika na utafiti uliofanywa juu ya sanaa yake mwenyewe.

Tatu, mtazamo huu unavumilia mgawanyiko mbaya ndani ya chuo. Tamthilia kama kitabu inafundishwa na watu wa fasihi ya Kiswahili, na tamthilia kama utendaji inafundishwa na watu wa sanaa. Mwanafunzi anayejiandaa kuwa mwalimu wa Kiswahili anaweza kuhitimu akiwa amechambua dhamira, wahusika na mandhari ya Kwenye Ukingo wa Thim ya Hussein bila kuiona ikiigizwa hata mara moja. Anakwenda sekondari kufundisha vivyo hivyo. Kizazi cha wasomaji kinajifunza kwamba tamthilia ni maandishi ya kujibia mtihani, kisha tunashangaa kwamba hakuna anayenunua tiketi.

Mtazamo wa pili: chuo kama karakana ya wasanii

Mtazamo wa pili unasema wazi kwamba kipimo cha idara ya sanaa za maonyesho ni wasanii inaowatoa. Kama wahitimu hawawezi kuigiza, kuongoza, kuandika muswada wa televisheni au kupanga taa na sauti, basi nadharia yote haina faida.

Mtazamo huu una nguvu kwa sababu unagusa hali halisi. Televisheni binafsi zilipoanza Tanzania Bara katikati ya miaka ya 1990, na filamu za video zilipoenea muongo uliofuata, tasnia ilipata watazamaji wengi haraka sana. Iliwapata kwa kutegemea vikundi vya maigizo ambavyo vingi vilifanya kazi bila muswada uliokamilika: mwongozaji anaeleza tukio, waigizaji wanajaza maneno. Mapokeo hayo yalitoka moja kwa moja katika vichekesho na katika vikundi vya burudani kama Muungano na Tanzania One Theatre, ambavyo katika usiku mmoja viliweza kuweka ngoma, sarakasi, taarabu na igizo. Ubunifu wa papo kwa papo ni ustadi wa kweli, lakini una mpaka wake. Visa hurudiwa, miisho hulegea, na mwandishi hakui kwa sababu hakuna anayemhitaji. Hapa mwandishi aliyefunzwa angeleta mabadiliko makubwa.

Hata hivyo, wanaoitaka idara iwe karakana wanasahau mambo mawili. La kwanza, karakana ipo. Vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo vilipovunjwa, nafasi yake ilichukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambacho tangu mwaka 2007 kinaendeshwa kama wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Kule mwanafunzi anaishi na ngoma yake, anafanya mazoezi ya mwili kila siku na anaonekana mbele ya watazamaji katika tamasha la kila mwaka. Chuo kikuu kikijaribu kufanya hayohayo kitayafanya kwa gharama kubwa zaidi na kwa ubora mdogo zaidi.

La pili ni hesabu ya darasa. Uigizaji hufundishwa kwa vikundi vidogo, mwalimu akimwona kila mwanafunzi anavyosimama, anavyovuta pumzi na anavyotamka. Mchezo mmoja wa saa mbili unahitaji wiki nyingi za mazoezi, chumba, maleba, vifaa na usafiri. Idadi ya wanafunzi wa vyuo vikuu ilipopanda katika miaka ya 2000, masomo ya vitendo ndiyo yaliyoumia kwanza, kwa sababu mhadhara unaweza kuwabeba watu mia tatu na zoezi la jukwaani haliwezi. Kuidai idara itoe wasanii stadi bila kuipa ukumbi, muda na walimu wa kutosha ni kuidai mavuno bila kuipa mbegu.

Pia kuna hatari ya kulifuata soko kupita kiasi. Soko la leo linataka waigizaji wa tamthiliya za televisheni, na kesho litataka kitu kingine. Shahada iliyotengenezwa kwa kipimo cha mahitaji ya mwaka huu itachakaa kabla mwanafunzi hajahitimu.

Mtazamo wa tatu: chuo kama mtumishi wa jamii

Mtazamo wa tatu ulipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na kuporomoka kwa uchumi. Walimu wa Mlimani waliona kwamba ngonjera na maigizo ya kusifu Azimio yalikuwa yanazungumza na wananchi kutoka juu, na kwamba mwanakijiji alikuwa amegeuzwa mpiga makofi. Jibu lao likawa sanaa za maonyesho kwa maendeleo.

Mradi wa kwanza unaojulikana zaidi ulifanyika Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, ukiwahusisha Mlama, Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Baadaye kazi hiyo ilifika Msoga, wilayani Bagamoyo, na Mkambalani, Morogoro. Utaratibu wake unastahili kuelezwa, kwani ndio unaoitofautisha na igizo la kampeni. Watafiti wanaingia kijijini bila mchezo mkononi. Wanakaa na wanakijiji, wanakusanya matatizo, na wanakijiji wenyewe wanachagua lipi lina uzito. Linachambuliwa hadi mizizi yake ionekane. Kisha kinatengenezwa kitendo kwa kutumia sanaa ambazo kijiji tayari kinazo, ngoma na nyimbo zikiwamo, na wanaocheza ni wanakijiji. Onyesho likiisha mkutano unaanza: watazamaji wanajadili walichokiona, na viongozi waliomo ndani ya duara wanalazimika kujibu.

Mwaka 1996 njia hiyo iliingia mashuleni kupitia mradi wa TUSEME, uliobuniwa na Mlama na Lihamba kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Wasichana wanataja vinavyowazuia kusoma, wanavigeuza kuwa igizo, na wanaigiza mbele ya walimu na wenzao. Aliyezoea kunyamaza analisema jambo zito kwa kinywa cha mhusika, kisha katika mjadala analisema kwa kinywa chake. Shirika la FAWE liliuchukua mradi huo na kuusambaza katika nchi nyingine za Afrika. Ni vigumu kutaja wazo jingine la fani za sanaa la Mlimani lililosafiri mbali kuliko hilo.

Udhaifu wake nao ni wa kweli. Mradi una mwanzo na mwisho, na mara nyingi mwisho unaamuliwa na mfuko. Mfadhili akitaka UKIMWI, maigizo yanakuwa ya UKIMWI. Akitaka utawala bora, maigizo yanahamia huko. Vikundi vingi vilivyoiga njia hii bila kuielewa viliruka hatua ya utafiti na uchambuzi, vikabaki na igizo la dakika 20 lenye mkosaji, mwenye busara na funzo mwishoni. Hivyo njia iliyobuniwa kumwondoa mwanakijiji katika hali ya kuhubiriwa ikarudi kumhubiria. Na kwa sababu kazi hiyo ililipa wakati mishahara ya chuo haitoshi, ilivuta muda wa walimu ambao zamani ulikwenda kwenye uandishi. Tamthilia kubwa mpya kutoka Mlimani zilipungua baada ya miaka ya 1980, ingawa Mkutano wa Pili wa Ndege ya Lihamba, iliyotoka mwaka 1992, inaonyesha kwamba kisima hakikukauka.

Makerere na Nairobi katika mizani

Majirani wanatusaidia kuona kwamba njia ya Dar es Salaam haikuwa pekee. Makerere ilianzisha mwaka 1965 kikundi cha maonyesho cha kusafiri bila kiingilio. Wanafunzi walizunguka Uganda na kuvuka mpaka wakati wa likizo, wakicheza kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha za wenyeji. Nguvu ya njia hiyo ilikuwa kuwakutanisha wanafunzi na watazamaji wasio wasomi mapema. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ilitegemea likizo na hamasa, na siasa za miaka ya Amin ziliubana uhuru wa aina hiyo.

Nairobi mjadala ulianzia katika fasihi. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Lakini tendo kubwa la maonyesho halikutokea ndani ya chuo. Lilitokea Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, ambako wasomi wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walishirikiana na wanakijiji kuigiza mchezo kwa Kigikuyu. Serikali iliufuta mchezo huo, ikamweka Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi wa kijiji ukabomolewa.

Ulinganisho huu unatoa somo la pande mbili. Dar es Salaam ilipata idara, mishahara na baraka za dola, na kwa hizo ikajenga taaluma ya kudumu. Kwa upande mwingine, baraka za dola zina bei: wengi walijifunza kujizuia wenyewe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka kibali kabla ya onyesho la hadhara, na kibali ni kizingiti hata pale kinapotolewa. Nairobi ilipata moto mkubwa zaidi na ikaulipia kwa kifungo na uhamisho. Hakuna kati ya njia hizi iliyokuwa rahisi, na anayeilaumu Dar es Salaam kwa kutozaa Kamĩrĩĩthũ yake anapaswa pia kuuliza nani angeilinda.

Nani anashika mfuko

Chini ya mitazamo yote mitatu kuna swali la fedha. Katika miaka ya mwanzo dola ndiyo iliyolipa, na fani ikazungumza lugha ya ujenzi wa taifa. Mgogoro wa uchumi na masharti ya mashirika ya fedha ya kimataifa vilipoipunguzia dola uwezo, hasa kuanzia mwaka 1986, wafadhili waliingia na fani ikajifunza lugha ya miradi. Soko huria la habari lilipofunguka, tasnia ya video ilijenga nguvu zake bila kukihitaji chuo.

Kila mlipaji alinunua kitu. Dola ilinunua uhalali, wafadhili walinunua ujumbe, na soko lilinunua sura zinazouza. Hakuna aliyenunua msimu wa maonyesho, yaani ratiba ya kudumu ambayo mkazi wa Dar es Salaam angeweza kuitegemea mwaka hadi mwaka, akijua kwamba mwezi fulani kuna mchezo mpya na mwezi mwingine kuna wa zamani unaorudishwa jukwaani. Bila msimu hakuna mazoea ya kutazama, na bila mazoea hayo hakuna wahakiki wala mwandishi anayejua anamwandikia nani. Hiki ndicho chanzo cha udhaifu kinachotajwa kidogo kuliko vyote.

Kupima

Wahenga wanasema mshika mawili moja humponyoka, na idara hii ilipewa matatu. Haiwezi kutumikia mitazamo yote kwa uzito sawa. Inapaswa kuchagua kiini, kisha kuyapanga mengine kukizunguka.

Mafunzo ya ufundi wa jukwaa yana wenyewe Bagamoyo, na busara ni kugawana kazi: wanafunzi wa Mlimani wapelekwe huko kwa vipindi vya vitendo, na walimu na wanafunzi wa Bagamoyo wakaribishwe Mlimani kwa utafiti na uandishi. Huduma kwa jamii ni wajibu wa heshima, lakini isiwe mbadala wa sanaa. Malya na TUSEME zilifaulu kwa sababu wabunifu wake walikuwa tayari waandishi na watafiti waliokomaa. Zilikuwa tunda la taaluma, na mti ukiachwa ukauke matunda hayatarudi.

Kinachobaki kuwa kiini ni ule muungano wa utafiti, uandishi na jukwaa uliozaa Kinjeketile. Katika tamthilia hiyo, mwisho, kiongozi aliyetekwa anatakiwa akane kwamba maji yalikuwa na nguvu, naye anakataa, kwa kuwa anajua kukana kwake kutatumika kuwafundisha watoto wa kesho kwamba waliopigana walikosea. Tukio hilo lisingeandikwa bila maarifa ya historia, lisingekuwa na uzito bila mwandishi anayeelewa shaka ya shujaa wake, na lisingedumu bila waigizaji na watazamaji. Soko halina subira ya kungoja kazi ya namna hiyo, na mradi wa miezi 18 hauna nafasi yake. Chuo kikuu kina subira hiyo kwa asili yake, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Hili lina masharti ya kiutendaji. Watu wa fasihi ya Kiswahili na watu wa sanaa wafundishe tamthilia pamoja, ili asiwepo mwalimu anayehitimu bila kushiriki katika onyesho. Kazi ya jukwaani ihesabiwe katika kupandishwa cheo sawa na makala ya jarida, kwa kuwa mhadhiri anayetumia miezi minne kuongoza mchezo hawezi kuadhibiwa kwa kutochapisha. Tasnifu zilizolala maktabani zifupishwe na zitolewe kwa Kiswahili. Na mitaala mipya ya sekondari, ambayo inalipa somo la sanaa za maonyesho nafasi iliyo wazi zaidi, inahitaji walimu, vitabu na mifano ya utendaji. Hakuna mahali panapofaa zaidi kuvitafuta kuliko Mlimani, na nafasi hii haitarudi kila muongo.

Gharama ya uamuzi huu ielezwe bila kuficha. Idara itakayochagua kiini hiki itadahili wanafunzi wachache zaidi, itakataa baadhi ya miradi yenye fedha, na itawaudhi wanaopima shahada kwa ajira ya mwaka wa kwanza. Ni gharama inayostahili kulipwa, kwa sababu mbadala wake ni kuendelea kufanya kila kitu nusu nusu.

Muhtasari

Mkanganyiko wa umma kuhusu sanaa za maonyesho chuoni unatokana na kukitaka chombo kimoja kifanye kazi tatu. Kama hazina ya taaluma, Mlimani iliziweka sanaa za jadi katika heshima yake na ikazaa tamthilia za kudumu, lakini ikafungia maarifa katika Kiingereza na ikaacha kitabu kitengane na jukwaa. Kama karakana ya wasanii, inakidhi hitaji halisi la tasnia, lakini haina vifaa wala uwiano wa walimu na wanafunzi, na kazi hiyo ina taasisi yake. Kama mtumishi wa jamii, ilibuni njia zilizoenea Afrika, lakini ikajikuta inategemea mifuko ya wengine. Dola, wafadhili na soko waliisaidia kwa zamu na wakaivuta kwa zamu, na hakuna hata mmoja aliyeijengea msimu wa kudumu wa maonyesho. Uzito wa hoja unaelemea upande wa kuifanya idara kuwa mahali ambapo mtafiti, mwandishi na mwigizaji wanafanya kazi chumba kimoja, kwa Kiswahili, mbele ya watazamaji wanaorudi. Mengine yote yanaweza kugawiwa wenzake. Hili likikosekana, hakuna atakayelifanya.